Aliyehesabiwa Ni Mgeni Peke Yake

Mama yangu alimsamehe dereva kabla hatujamtoa mdogo wangu nyumbani kwenda kuzikwa. Nalisema hili mapema ili asiyependa maneno yangu aachie hapa hapa, maana mimi jambo hilo sikulimeza siku ile na mpaka leo limenikaa kooni.

Kijiji chetu kiko kwenye njia ya kutoka Tanga kwenda Horohoro, upande wa Mkinga. Barabara imekipasua katikati. Nyumba nyingi ziko upande wa baharini. Msikiti, madrasa na makaburi viko upande wa bara. Enzi za vumbi hilo halikuwa tatizo. Gari ulilisikia kwa mbali likihangaika na mashimo, ukamaliza maongezi yako, ukavuka. Lami ilipokuja tulipiga vigelegele, na mimi nikiwemo, kwa sababu nauza vitumbua kando ya njia na nilijua wateja wataongezeka. Wakaongezeka kweli. Wanakuja kama wanaofukuzwa, wanafunga breki mbele ya jiko langu, wananiuliza kama vitumbua ni vya moto, wanaondoka vile vile walivyokuja. Nimewatukana wengi kimoyomoyo huku nawafungia vitumbua vyao kwenye gazeti.

Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba, kijana mrefu, mcheshi, mkwezi wa minazi. Mama alikuwa hapati raha akimwona juu. Alisimama chini ya mnazi mikono kichwani akimsomea dua, na yeye huko juu akimwimbia ili kumuudhi. Tulikuwa tunaogopa minazi, na minazi haikumfanya kitu. Alitoka kuswali adhuhuri, akaja kukatiza lami arudi nyumbani kula, na Kenta iliyobeba machungwa kutoka Maramba ikamkuta katikati.

Mimi nilikuwa nimeinamia chuma changu cha vitumbua. Nilisikia breki, kisha nikasikia machungwa yakimwagika. Yalibingiria mpaka chini ya benchi langu, mengine yakatumbukia mtaroni. Watoto wote wa kijiji walikuwepo pale, na hakuna hata mmoja aliyeokota chungwa.

Kwetu damu ya mtu haiachwi ikakanyagwa. Kabla sijajua nifanye nini, wanaume walikuwa wameshambeba, kanga za wanawake ziko juu yake, na wanawake wengine wanateka mchanga kwa mabeseni, wanaumwaga pale alipolala, wanafagia, wanamwaga tena. Ni heshima, na mimi mwenyewe nimewahi kuwafanyia wengine. Muda si mrefu mahali pale pakawa kama ua uliofagiliwa kwa ajili ya wageni. Hakuna aliyekwenda kituo cha polisi. Nani angekwenda, wakati kuna maiti ya kuoshwa na kaburi la kuchimbwa, na jua haliwangoji?

Dereva hakukimbia. Walimkalisha barazani kwa jirani, na wazee wake wakapigiwa simu, wakaja wamebeba sanda na mchele, vichwa chini. Jeneza lilipokuwa mbele ya nyumba, aliyekuwa akiongoza shughuli aliuliza kwa sauti kama wenye msiba wameridhia. Mjomba akajibu kwamba hilo ni la mama mzazi. Mama alikuwa ndani pamoja nasi wanawake. Aliinuka, akasogea mpaka nyuma ya pazia la mlango, akasema, "Nimemsamehe, duniani na akhera."

Sauti yake haikutetemeka. Ya kwangu ndiyo iliyotoka, sijui nilisema nini, wakanishika wakanirudisha mkekani.

Asiye wa kwetu huenda hajui uzito wa maneno yale. Msamaha uliotolewa mbele ya jeneza haurudiwi kutajwa. Ukishautoa, hukai tena barazani ukasimulia habari za gari, wala dereva, wala mwendo aliokuwa nao. Kusimulia ni kumpokonya mtu ulichompa mbele ya Mungu. Ukiulizwa marehemu alikufaje, unasema siku zake zilitimia, na aliyekuuliza, kama ni mtu wa kwetu, anaelewa na kunyamaza. Na msamaha una mwenyewe. Mimi dada mtu nisingeweza kuutengua wala kuusemea, ulikuwa wa mama.

Mama akazidisha. Jina la mwanawe aliacha kulitaja kabisa. Kwanza alisema "marehemu", kisha hata marehemu akaacha. Akitaka kusema jambo lililomhusu alinionyesha kwa kidevu ule msumari ukutani ambako mdogo wangu alikuwa akitundika kamba yake ya kukwelea. Wajukuu walizaliwa, wakakua, hawajui kwamba nyumba ile ilikuwa na kijana mwingine. Na mimi, kwa kumuogopa mama, nikaacha kulitaja mbele yake. Nililisema nikiwa peke yangu jikoni, polepole, ili nisilisahau.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, wakaja watu wawili wa mambo ya barabara, kijana mmoja na mwanamke mtu mzima, wamevaa vizibao vya kung'aa. Mwenyekiti wa kijiji akatuitisha uwanjani. Kijana akaeleza vizuri tu, kwa adabu. Matuta na alama za kuvukia haziwekwi kila mahali, zinawekwa pale hesabu inapoonyesha kwamba waenda kwa miguu wanakufa. Wamekuja kuipata hesabu hiyo. Tuwaambie ni akina nani waliogongwa wakafa hapa kwetu, tangu lami ije.

Nina binti, mwanafunzi wa madrasa, anakatiza lami ile kila alasiri akiwa na juzuu yake kifuani. Nilijisemea leo matuta tumeyapata, maana hesabu tunayo, mbona tunayo mpaka inatia aibu.

Watu wakanyamaza.

Niliwatazama mmoja mmoja. Yule mjane wa mwenye mashine ya kusaga alikuwa akikunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Mzee aliyefiwa na mjukuu alikuwa akitazama mbuzi. Bibi mmoja, ambaye dada yake aliburutwa na basi mchana kweupe mbele ya macho yetu, alimwambia jirani yake kwamba jua limekuwa kali. Wote wale walikwisha kusamehe. Wote walisimama mlangoni na kusema maneno yale yale aliyoyasema mama.

Mwishowe mzee mmoja akasema, "Kuna yule mgeni."

Laiti mngeuona uwanja ulivyochangamka! Naam, yule mgeni! Alikuwa abiria aliyeshuka basi kunyoosha miguu, akagongwa, hatukumjua wala ndugu zake hawakupatikana, tukamwosha na kumzika sisi wenyewe. Hakuwa na mtu wa kusamehe kwa niaba yake, kwa hiyo kifo chake kilikuwa huru kusemwa. Na kwa kuwa hakuwa na wenyewe, polisi waliitwa, wakaja na utepe wao, wakapima, wakaandika. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mgeni, alivaa shati gani, alilala upande gani. Watu walimsemea mgeni yule kwa uchungu ambao, wallahi, haukuwa wake peke yake.

Kijana akaandika. Akauliza, "Ni huyo mmoja tu?"

"Ni huyo tu," mwenyekiti akajibu.

"Alhamdulillahi," kijana akasema, kwa nia njema kabisa. "Basi barabara yenu ni salama."

Nilitaka kuinuka. Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanishika kanga. "Kaa," akasema.

Nilikaa, lakini nyumbani sikukaa. Nilimuuliza bila hata kuvua viatu, "Mama, umesikia wameandika mmoja?"

"Nimesikia."

"Na mwanao hayumo."

"Mwanangu yuko kwa Mola wake. Huko hawasahau kuandika."

"Mimi sisemi huko. Nasema matuta. Nasema huyu mjukuu wako anayevuka kila siku."

Aliokota ukili aliokuwa akiusuka, akaangalia alipoishia. "Yule kijana wa watu nilimpa kitu," akasema. "Mie nikisimama leo nikasema gari, gari, nitakuwa nimempa kisha nimemvua. Weye ungependa mama yako awe mtu wa namna hiyo?"

"Ningependa mama yangu awe na uchungu na mwanawe."

Maneno yale yalinitoka. Aliendelea kusuka, na vidole vyake vilikwenda sawasawa kama kawaida, na hilo likaniudhi zaidi. Kwa siku kadhaa tulisalimiana na kuulizana chumvi iko wapi, basi.

Sasa, mama ana desturi ya kuja kukaa kwenye benchi langu alasiri, kunisimamia biashara na kuwaambia wateja wangu kwamba sukari naipunja. Siku moja hivi, mfungo bado haujaanza na wale watu wa barabara wameshasema watarudi mfungo ukiisha kuhakikisha hesabu yao, tulikuwa tumekaa pale tumenuniana. Binti yangu akaja na wenzake, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akatoka. Noah moja ikachomoza konani. Haikumgusa. Ilipita mbele ya pua yake, na upepo wake ukamvua ushungi, ukaurusha mtaroni. Mtoto alibaki amesimama kichwa wazi katikati ya lami, juzuu kifuani, hata kulia hajakumbuka.

Mimi nilibaki kwenye benchi. Mama, na magoti yake mabovu, ndiye aliyekwenda. Aliuokota ushungi, akaukung'uta, akamfunga mjukuu wake, akaukaza mpaka mtoto akalalamika. Akamvusha mwenyewe hadi mlango wa madrasa. Alirudi akaketi penye benchi. Kisha akaniambia, huku akitazama upande mwingine, "Kesho nipeleke Maramba."

Sikuuliza Maramba kwa nani.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mama hakuwahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Alikaa upande upande, mwavuli mwekundu kwapani, akisoma dua kwa sauti kubwa kiasi kwamba kijana wa bodaboda alipunguza mwendo bila kuombwa. Ningekuwa na moyo wa kucheka siku ile ningecheka mpaka nidondoke.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa na michungwa nyuma, kama nyumba zote za kule. Dereva alikuwa akipalilia mihogo. Hakuwahi kumwona mama uso kwa uso, maana siku ile mama alikuwa nyuma ya pazia. Lakini mama alipopiga hodi, nililiona jembe likimtoka mkononi. Aliijua ile sauti.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Tupe maji, tumetoka mbali."

Alituwekea mkeka uani. Kuendesha gari aliacha, akatuambia bila kuulizwa, siku zote yuko shambani. Mkewe akaleta maji, na kwa jinsi glasi zilivyogongana kwenye sinia nilijua ameshatutambua, na anadhani tumekuja kuutengua msamaha. Kulikuwa na mtoto mdogo wa kiume akichezea tope pale panapooshewa vyombo. Mama yake akamwita aje asalimie wageni.

Alimwita kwa jina la mdogo wangu.

Miaka yote ile kwetu jina limefungiwa, silisemi ila jikoni mlango umerudishwa, na huku Maramba linaitwa uani kutwa, njoo ule, njoo uoge, acha tope. Nilishikwa na hasira ambayo siwezi kuieleza. Nilimuuliza dereva nani kampa mtoto jina lile.

"Nilimpa mimi," akasema. Alikuwa akiangalia mikono yake. "Nilitaka liwe linatajwa, dada. Kama nimekosea, nisameheni na hilo."

Mama alikuwa ameishika glasi bila kunywa. Alimtazama yule mtoto mwenye tope hadi magotini, akamtazama sana. Hakumgusa. Kisha akaweka glasi chini.

"Sikuja kuchukua nilichokupa," akamwambia kijana. "Kile ni chako. Nimekuja kuomba. Kuna watu wanahesabu waliokufa barabarani kwetu, wapate kuweka matuta. Wangu hayumo, kwa kuwa nshakusamehe na sina ruhusa ya kusema. Basi nimekuja kukuomba ruhusa. Weye sitakutaja. Nitamtaja yeye tu."

Nyuma kule chungwa lilianguka, na sote watatu tulishtuka.

"Ukimtaja yeye, mama," akasema, "na mimi nimo humo humo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amemnyanyua mtoto na tope lake lote. Kijana akageuka akamtazama. Sijui walizungumza nini kwa macho. Nilikuwa nimekuja nikimchukia, na nikiri kwamba niliondoka nikimchukia, lakini si kwa nguvu zile zile.

"Sema, mama," akasema. "Wakija kunichukua, wanichukue."

"Hawaji. Na wakija nitasimama mie mbele yao, niseme lile neno halijatenguka."

Tulipoaga, mama alimwambia mke wa kijana jambo moja tu. "Huyu msimwache akazoea njiani," akasema. Akafungua mwavuli wake, tukaondoka.

Mfungo ulipokwisha wale watu wawili wakarudi. Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za safari ya Maramba zilishatutangulia. Mwenyekiti akauliza kwa kutimiza wajibu kama kuna mwenye la kuongeza. Mama akainuka. Alijishika kwenye bega langu, kisha akaliacha.

Akamtaja. Alilitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, kama anavyotajwa mtu anayekwenda kuozeshwa. Sauti ambayo haikutetemeka mbele ya jeneza ilitetemeka pale. "Ni mwanangu," akasema. "Alikuwa mkwezi. Alitoka kuswali. Aliuawa na gari hapa hapa mlipo."

Nililia. Sikujali nani ananiona. Nilikuwa sijalisikia jina lile kinywani mwake tangu asubuhi ya siku ile, alipomwambia aoge upesi asichelewe msikitini.

Kijana mwenye kizibao aliinama akaandika, nikaona anaandika, nikasema moyoni yametimia. Kisha akauliza, kwa adabu ile ile, kama tuna karatasi ya polisi.

"Sina, baba."

"Ya hospitali?"

"Hakufika hospitali."

"Kuna vipimo vyovyote vilivyochukuliwa? Pale alipoangukia?"

Mama aliigeukia lami. "Tulifagia," akasema.

Yule mwanamke mtu mzima ndiye aliyejibu. Alivua miwani kwanza. Alisema wanamwamini mama, kila neno, lakini huko wanakopeleka hesabu maneno hayapokelewi, linapokelewa tukio lililoandikwa siku ya tukio. Wakimwingiza bila karatasi, huko atatolewa. Akauliza kama kuna mwingine mwenye habari ya namna hii, maana wakiwa wengi pengine anaweza kuomba waje watu wa kuchunguza upya.

Nilimtazama mjane wa mwenye mashine. Nilimtazama mzee wa mjukuu. Nilimtazama yule bibi kwa macho ya kumlazimisha. Yeye alimwangalia mama kama mtu aliyetoka nje bila nguo, akajifunika kanga vizuri zaidi. Hakusimama mtu. Nao walikuwa na madereva waliowapa neno lao, na si kila mmoja ana miguu ya kwenda kubisha hodi kwa dereva.

"Basi nisamehe, baba," mama akamwambia yule kijana. "Nimekupotezea muda wako."

Kijana alipiga mstari juu ya kile alichoandika. Alipiga polepole, nadhani kwa heshima. Hesabu ya kijiji chetu ikabaki mgeni mmoja, na barabara yetu ni salama, na matuta wamewekewa wengine.

Sikumlaumu mama tena baada ya hapo. Kuna lawama ukiitoa kwa mtu aliyekwisha kutoa kila kitu unakuwa mjinga tu. Ila nilikuwa namvizia, nione kama jina litarudi kufungiwa. Halikurudi. Alianza kwa kuniambia, "Kamba yake ile inaoza, ishushe uianike," akamtaja. Kisha akawasimulia wajukuu jinsi alivyokuwa akiimba juu ya mnazi, akauimba na wimbo wenyewe, vibaya.

Alasiri haketi tena kwenye benchi langu. Anakaa kwenye kigoda ukingoni mwa lami, mwavuli mwekundu umefunguliwa hata kama hakuna jua, na watoto wa madrasa wanavuka akisema vukeni. Wenye magari wanampigia honi, naye anawajibu kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Na mtoto akikurupuka kabla ya kuambiwa, huku gari linakuja, mama humwita kwa ukali asimame. Awe wa kike au wa kiume, awe mjukuu wake au wa jirani, jina linalomtoka ni moja, la mdogo wangu. Mwanzoni nilingoja ajisahihishe. Hajisahihishi, na watoto wameshajua kwamba likiitwa jina hilo, yeyote aliye karibu na lami anasimama.

Nimeinamia chuma changu, namsikia akiliita kwa nguvu zake zote, mwanangu akiwa mguu mmoja barabarani. Na mwanangu anasimama.